Safu ya Kwanza Kushoto

Yunlin, 6 Novemba 2018

Mwanangu Yun-ju,

Pokea salamu kutoka shambani, na usishangae zikinuka vitunguu saumu, maana mwezi huu kila kitu hapa kinanuka hivyo. Tumemaliza kupanda. Mimi sijambo, hekalu halijambo, Kun-huo mpiga ngoma wetu hajambo ila anakula kama mtu aliyetoka jela. Baba yako alikuja mwezi wa tisa na wimbo wake ule ule: dada umezeeka, funga kikundi, uza sanduku la vikaragosi vya mkononi, njoo ukae nasi Taichung. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka kwenye gari lake.

Usiulize kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu imezama kwenye ndoo ya kulowekea vitunguu, na sitaki nyingine. Karatasi haina mlio.

Sasa la maana. Kompyuta uliyoniachia imeanza ukaidi. Nauandika mchezo wa babu yako, Binti wa Daraja la Mianzi, wote, tangu jemadari mlevi anapoingia mpaka binti anaporuka juu ya daraja. Babu yako hakujua kusoma. Alinipa kwa mdomo, nami nimeubeba kwa mdomo, na mahali pengine haupo. Nataka uwe kwenye karatasi kabla ya siku ya kuzaliwa kwa Mazu, mungu wetu wa bahari, mwezi wa nne, na siku hiyo tuucheze mbele ya hekalu kama kila mwaka, kwa sauti ya mtu aliye hai, si kwa kanda kama wale wavivu wa kijiji cha pili. Lakini vitufe vinakufa kimoja baada ya kingine. Vingine vinanata, vingine havisemi kitu. Nimeweka juu yake ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi kama mnavyofanya mjini ili mashine zitii. Haikutii. Nimeiwashia na ubani.

Wewe ndiye fundi. Nieleze taratibu, usinikimbize kama wateja wako.

Kikaragosi cha binti hakipo sandukuni tangu ulipoondoka. Nadhani ni panya.

Mkono wako wa kushoto bado umelala?

Shangazi yako,
Chiu-lien


Taipei, 15 Novemba 2018

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenikuta kibandani. Mleta barua alicheka, kwa sababu watu wa soko la kompyuta huletewa maboksi, si barua. Mimi mzima. Mvua ya huku haina adabu, na watu hawaachi kumwaga chai ya maziwa juu ya kompyuta zao, kwa hiyo kazi haikosi.

Nisikilize vizuri. Kwanza, pakiti ya kijani haiwekwi juu ya vitufe! Inakaa pembeni, imefungwa, na tarehe yake iwe haijapita, la sivyo mashine inajua imedanganywa. Hapa kila mashine kubwa ina yake. Hiyo ya kwako iondoe.

Halafu zima kompyuta kabisa. Si kufunga kifuniko, shangazi, kuzima. Chomoa waya. Ifungue, uigeuze kichwa chini, uitikise taratibu na kuipigapiga mgongoni kama mtoto unayetaka acheue. Tazama kinachodondoka. Kisha chukua ile brashi laini unayopakia rangi nyuso za vikaragosi, iliyo safi, uipitishe kati ya vitufe. Kinachonata kipanguse kwa pamba yenye spiriti kidogo sana. Nimesema spiriti, si pombe ya mchele ya Kun-huo. Iache ilale hivyo mpaka asubuhi ndipo uiwashe. Na ubani uuwashe mbali. Jivu lake likiingia mle ndani halitoki.

Ukimaliza fungua ukurasa mtupu, bonyeza kitufe kimoja kimoja, uniandikie vipi vimefufuka na vipi bado.

Mbona ghafla unauandika? Miaka yote umetuambia mchezo ukiandikwa unageuka samaki mkavu. Na simu nitakutumia, ninazo hapa nilizozikarabati mwenyewe.

Panya wa huko ni wakubwa kweli.

Mwanao,
Yun-ju


Yunlin, 30 Novemba 2018

Mwanangu,

Tunamshukuru Mazu, tumeamka. Baridi imeingia na nakula uji wa viazi vitamu asubuhi na jioni. Kun-huo anakusalimu, ingawa ukimaliza kusoma utaona hastahili hata kukusalimu.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilipoigeuza na kuipiga mgongo, wakadondoka sisimizi. Si wawili watatu, ni ukoo mzima na mabibi zao, pamoja na makombo matamu ya nazi waliyojiwekea akiba. Nikaitazama ile pakiti ya kijani. Nyuma ina tundu, limezibwa kwa utepe wa gundi kwa ustadi wa mwizi mzoefu.

"Kun-huo! Nani amekula pakiti ya mashine?"

"Dada, mashine haina meno."

"Na kuziba je?"

"Nilikuwa naistahi mbele ya watu."

Nilimfukuza na ufagio. Jioni kaja kula kama kawaida.

Brashi nimepitisha, spiriti nimepaka, nimesubiri. Vitufe vimefufuka, isipokuwa safu ya kwanza kushoto, toka juu hadi chini: bo, po, mo, fo, zile herufi ambazo kila mtoto wa hapa anaanza nazo shule. Nabonyeza kama nilivyofundishwa nilipokuwa karani wa chama cha wakulima, kila kidole na shamba lake, hakuna kuvuka mpaka. Kidole kidogo cha kushoto kinashuka, kioo kimenyamaza. Mara moja moja kinaitika, halafu kinasusa tena. Bila safu hiyo mchezo hauandikiki. Nimefika pale binti anapomwita baba yake, nami nimekwama hapo.

Kwa nini nauandika? Kwa sababu nataka. Simu usilete, nitaigawa.

Naona panya wa huku hupenda vikaragosi vya kike tu. Na ule mkono wako, hukunijibu. Siku ile ulipomdondosha binti mbele ya hekalu nilisema mkono wako wa kushoto umelala. Sikusema uchukue begi uhame mkoa.

Shangazi yako,
Chiu-lien


Taipei, 12 Desemba 2018

Shangazi,

Habari za sisimizi nimezisoma kwa sauti sokoni, watu wamevunjika mbavu. Mama wa kibanda cha chaja anasema Kun-huo aletewe katoni nzima, ila zake ziandikwe jina. Mimi niko salama, nimepata mafua kidogo yakapita.

Safu nzima ikifa pamoja, mara nyingi ni ule utepe mwembamba ulio chini ya vitufe, wenye njia za umeme. Unyevu ukishaingia humo, kitufe kitaonekana kizima, kitashuka na kupanda, lakini habari haifiki ndani. Usiifungue mwenyewe. Kwenye boksi hili kuna kibodi nyingine, mpya, ya waya. Ichomeke kwenye tundu la pembeni uandike nayo. Ikiandika vizuri, tumejua kuwa ile ya ndani imekufa, na nitakubadilishia. Ikikosa safu ile ile, niandikie haraka.

Na nakuomba jambo moja dogo. Hiyo bo, po, mo, fo ibonyeze kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia, unieleze kinachotokea. Najua ni kuvuka mpaka wa shamba. Fanya mara moja tu, chama cha wakulima hakitakushtaki.

Sikukuu ya Mwaka Mpya wa mwezi mwandamo, mwezi wa pili, nitajaribu kuja. Baba anasema yeye ataenda kwao mama mwaka huu, kwa hiyo tutakuwa mimi na wewe na tumbo la Kun-huo.

Mwanao,
Yun-ju


Yunlin, 9 Januari 2019

Mwanangu Yun-ju,

Salamu nyingi. Kabichi zimetuzidi, tunagawa mpaka kwa wapita njia. Hekalu limepakwa rangi upya, na joka la upande wa mashariki limepewa macho makubwa mno, linaonekana kama limetumiwa bili ya umeme.

Kibodi imefika. Nimeichomeka. Ni nzuri, ina sauti nzuri, na safu ya kwanza kushoto haifanyi kazi. Ile ile. Umeniletea kibovu kilichotoka kwenye kapu la kibanda chako, au huo umeme wa nyumbani kwangu una chuki na bo, po, mo, fo. Nimezima nikawasha, nimechomoa nikachomeka, nimeondoa pakiti, nimerudisha nyingine iliyofungwa na tarehe yake njema. Tafuta dawa nyingine. Miezi inakwenda na binti bado amesimama palepale hajamwita baba yake.

Mwaka Mpya usijisumbue kuja. Tiketi za treni wakati huo ni vita, na wewe una kazi. Utakuja siku nyingine.

Ubaki salama.

Shangazi yako,
Chiu-lien


Taipei, 20 Januari 2019

Shangazi yangu,

Natumaini u mzima. Safari hii naandika hivyo kwa kutaka jibu, si kwa desturi.

Kibodi niliyokutumia niliijaribu mwenyewe kitufe kwa kitufe kabla sijaifunga. Kibodi mbili tofauti, waya tofauti, haziwezi kufa safu moja. Hilo ndilo jambo la kwanza analojifunza fundi: ukibadilisha kifaa na ugonjwa ukabaki, ugonjwa hauko kwenye kifaa.

Kwa hiyo nilimpigia Kun-huo. Nilimwomba aende kwako, achungulie hiyo kompyuta ukiwa shambani. Akaenda, akijifanya anatafuta miwani yake. Alinipigia akanong'ona kama mwizi: "Nimegonga safu hiyo yote kwa kijiti cha ngoma. Inaandika. Mpaka nimejaza ukurasa, sasa sijui kufuta." Nikamuuliza, kwani shangazi ana nini? Akanijibu habari za kabichi. Nikamuuliza, mbona hataki simu? Akasema ameacha wali jikoni. Shangazi, Kun-huo hajawahi kupika wali tangu azaliwe.

Nikachukua barua zako zote nikazipanga juu ya meza ya kazi. Nilikuomba ubonyeze kwa mkono wa kulia, hukujibu. Simu unaikataa kama sumu. Kila mwaka unanitishia kuwa mababu watanikana nisipofika kwenye meza ya Mwaka Mpya, na mwaka huu unaniambia habari za tiketi. Na mchezo ambao uliapa hautaandikwa unauandika kwa haraka.

Kibodi ni nzima. Zote mbili. Naogopa, na sitaki kujifanya siogopi. Mkono wako una nini?

Mwanao,
Yun-ju


Yunlin, 24 Februari 2019

Yun-ju,

Barua yako ilifika kabla ya sikukuu. Nilikuwa na wageni.

Kama kibodi ni nzima, nashukuru kwa kunijulisha. Fundi amemaliza kazi yake. Kun-huo nimemnunia na sasa anakula kwao.

Hali ya hewa ni nzuri. Vitunguu vitavunwa mwezi ujao.

Chiu-lien


Taipei, 2 Machi 2019

Shangazi mpendwa,

Salamu zangu, na salamu za mama wa chaja anayeuliza habari zako kila siku. Mwaka Mpya nilikula tambi kibandani nikikukasirikia. Sasa hasira imeisha. Msamehe Kun-huo, huko kwao hakuna anayejua kupika.

Sikuulizi tena. Ila kazi ya fundi haijaisha mpaka mwenye mashine aandike, kwa hiyo nimekaa nikatafuta njia. Kwenye bahasha kuna kidude kidogo cha kuchomeka. Kichomeke, bonyeza mara mbili picha ya daraja, kisha zima uwashe. Safu ya kwanza kushoto nimeihamishia kulia kabisa, kwenye vile vitufe vya namba vya kibodi ya waya. Nimekubandikia na karatasi ndogo za majina. Mkono wa kulia utafanya kazi yake na ya mwenzake. Nimewafanyia wateja wengi hivyo, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Basi utaumaliza kuuandika, hilo sina wasiwasi nalo. Swali langu ni moja. Tarehe 27 Aprili mtakuwa mbele ya hekalu, jemadari yuko mkono wa kulia. Binti anakaa mkono wa kushoto. Nani atamshika?

Kuhusu panya: yuko salama, na hajala kitu.

Mwanao,
Yun-ju


Yunlin, 14 Machi 2019

Yun-ju,

Leo salamu ni fupi. Wenzangu wako shambani wanavuna, mimi nipo mezani na kidude chako, naandika kwa mkono mmoja. Binti amemwita baba yake. Ahsante.

Nitasema mara moja, usinirudishe nyuma. Ilikuwa Oktoba, siku tuliyoanza kupanda. Nilishika bakuli la uji, likaanguka, nikalitazama nikidhani limeteleza. Nikataka kumwita Kun-huo, mdomo ukaenda upande. Alinipakia kwenye gari la vitunguu akaniwahisha hospitali. Daktari akasema mshipa wa kichwani uliziba kidogo, nina bahati. Kidogo kwake yeye! Mguu ulirudi, mkono ulirudi, ila kidole cha mwisho cha kushoto kimegoma na jirani yake anachechemea, na maneno yananitoka kama yaliyotafunwa. Simu haikuzama, iko kabatini. Ungesikia neno moja tu ungejua.

Kun-huo nilimwapisha mbele ya Mazu asiseme. Na hakusema, maskini, alisingizia wali. Nilimwogopa baba yako. Akijua, sanduku litafika kwa muuza vitu vya kale kabla mimi sijafika Taichung.

Lakini habari ya kitufe sikukudanganya. Nilikiona kidole kinashuka. Ningeapa kinabonyeza. Kumbe kinafika juu ya kitufe kinakaa tu, kama mgeni asiyepiga hodi, nami nilidhani amepiga na wenye nyumba hawataki kufungua. Siku Kun-huo alipokuja na kijiti chake nilikuwa nimerudi mapema, nimesimama mlangoni. Nikaona herufi zinatoka. Nilikwenda nyuma ya ghala la karanga nikalia, halafu nikanawa uso nikampikia huyo msaliti. Kumnunia kulianza baadaye.

Sasa sikia. Tarehe 27 mchezo upo. Mkono wangu wa kulia ni mzima, huo ni wa jemadari. Na jemadari ni mlevi, maneno yake yanatakiwa yatafunwe. Kun-huo anasema miaka yote sijawahi kulewa vizuri hivi. Kilichopungua ni mkono wa kushoto na sauti ya binti. Sikuombi, nakwambia. Njoo na huyo panya wako. Ukija na sura ya msiba nitakurudisha kwa treni ile ile.

Baba yako asijue mpaka ngoma ilie.

Shangazi yako,
Chiu-lien


Taipei, 25 Machi 2019

Shangazi yangu,

Nimelia hapa kibandani mpaka mteja akadhani ni kwa sababu ya bei aliyotaja, akaniongezea. Sura ya msiba nimeimalizia huku huku, huko nitakuja na nyingine. Kibanda nitamwachia mama wa chaja, nitafika mwanzo wa Aprili tufanye mazoezi.

Panya nakuja naye mkononi. Sikumchukua ili kumweka kabatini. Wateja wakiwa haba huwa namvaa nyuma ya meza, na sokoni wote wanamjua, wanamwita dada wa kibanda. Rangi ya kidevu imechubuka, kwa sababu sakafu ya huku ni saruji. Hapo utakuwa umeshaelewa. Kutembea anatembea, kuinama anainama, hata upanga anashika. Ila kule kuruka juu ya daraja bado. Namrusha vizuri, anapinduka vizuri hewani, halafu mkono unachelewa kumpokea. Mara nyingi zaidi anaanguka. Nakwambia sasa ili usije ukadhani umepata mkono mzima badala ya mbovu.

Nina sharti moja. Mazoezi aliyokupa daktari utayafanya mbele yangu kila asubuhi. Ukikataa, nampigia baba nikiwa bado kwenye treni.

Mwanao,
Yun-ju


Yunlin, 6 Mei 2019

Mwanangu Yun-ju,

Salamu kutoka nyumbani. Karanga zimechipua vizuri, Kun-huo amenenepa kwa sadaka za hekalu, na kila asubuhi naminya ule mpira wako mwekundu wa mazoezi huku nikiutukana. Natumaini ulifika salama, maana uliondoka na treni ya kwanza, macho yamevimba, hukunywa hata chai. Najua ulichokuwa unakilia. Ulikuwa nyuma ya jukwaa, kichwa chini, hukuona chochote. Ngoja nikueleze.

Ulimrusha binti. Akapinduka juu ya daraja kama alivyokuwa akipinduka kwa babu yako. Mkono wako ukachelewa, kama ulivyoniandikia. Mimi nilimwona anakuja upande wangu, na mkono wangu wa kulia ulikuwa na jemadari. Sikufikiri. Nilimtupa jemadari nikamdaka binti. Wewe ulisikia watu wakipiga kelele ukadhani wanatucheka. Walicheka, ndiyo! Kwa sababu mbele ya macho yao binti aliruka kutoka ukingo mmoja wa daraja akatua ukingo wa pili, upanga juu, na jemadari mlevi akaanguka kifudifudi kama gunia la vitunguu. Nami sikuwa na la kufanya, nikasema kwa ule mdomo wangu uliotafunwa: "Nani amelisogeza daraja?" Kun-huo akapiga ngoma ambayo hakupangiwa. Bibi mmoja alicheka mpaka meno ya bandia yakamtoka.

Baba yako alikuwa benchi la mbele. Nani alimwambia sijui, na Kun-huo anasema alikuwa jikoni anapika wali. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona kakaa uso umekunjamana kama mtu aliyekuja kukagua deni, mpaka jemadari alipoanguka. Hapo akacheka, akafuta macho, akaendelea kuyafuta. Watu walipoondoka, na wewe umeshakwenda kujificha, alikuja nyuma ya jukwaa, akaniangalia mdomo, akaniangalia mkono. Akainua sanduku la vikaragosi begani. Nikamfuata nyuma. Akapita pembeni ya gari lake, hakulifungua. Akalibeba sanduku mpaka nyumbani kwangu, akaliweka mahali pake chini ya dirisha, akasema, "Dada, limezidi uzito. Umeongeza nini humu?" Nikamwambia, nimeongeza mtu.

Kidole bado kimegoma. Nimekifungia kipande cha kijiti cha ngoma kwa kibanio cha nywele, na safu ya kwanza kushoto nimeirudisha mahali pake, naigonga mwenyewe. Polepole, lakini inaitika. Binti nimempaka rangi kidevuni. Amerudi sandukuni, na Jumamosi ukija utamkuta.

Kwenye bahasha hii kuna mchezo wote, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Usome ule wa mwisho. Babu yako hakuuweka hivyo, na mimi nilikuwa nauandika kama alivyonipa, sikudhani ningethubutu kugusa neno. Nimeugusa. Nimeandika: hapa binti anarushwa kutoka mkono wa mmoja, anadakwa na mkono wa mwingine, na jemadari anaanguka.

Kwa hiyo endelea na mazoezi yako huko kibandani kama unataka. Lakini mwakani, hata ukiweza kumdaka, usimdake.

Shangazi yako,
Chiu-lien